Shahidi Alalaye Ubavuni

Lugha yetu haikufanya ubahili ilipolitaja jambo la usingizi. Mtu aliyeanza kulegea kope naye angali kitako barazani, twasema amepitiwa na lepe. Aliye baina ya kulala na kuamka, akayasikia maneno ya watu asiweze kuyajibu, twasema yumo katika usingizi wa mang'amung'amu. Na yule aliyezama asitikiswe na kelele wala mwanga, twasema amelala fofofo, au amelala kama pono, kwa kumfananisha na samaki wa matumbawe ambaye wavuvi wa usiku humkuta ametulia penye nyufa za mwamba asijue lililomfika. Wazee walioyaweka maneno haya hawakuwa na chombo cha kuupima ubongo, walakini walikuwa na macho, na kwa macho hayo walikwisha tambua kwamba usingizi una madaraja yake, na kwamba kushuka kutoka daraja moja hadi jingine ni safari. Hans Berger, tabibu wa mji wa Jena katika Ujerumani, ndiye aliyenasa kwa mara ya kwanza, mwaka 1924, mawimbi ya umeme wa ubongo wa binadamu. Na mwaka 1953 Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, katika Chuo Kikuu cha Chicago, walitangaza kwamba ipo sehemu ya usingizi ambamo macho huenda mbio chini ya kope, na kwamba ukimwamsha mtu katika sehemu hiyo aghalabu atakuhadithia ndoto.

Safari yenyewe huwa hivi: mtu hupita katika lepe, akaingia usingizi mwepesi, akazama katika ule mzito wa pono, kisha akapanda tena hadi kwenye ndoto, na mzunguko huo, unaochukua kiasi cha dakika 90, hurejea mara nne au tano mpaka alfajiri. Katika usingizi mzito ndipo mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, ambayo kwa mtoto hurefusha mifupa na kwa mtu mzima hutengeneza yaliyochakaa. Ndipo moyo hupunguza mwendo, na presha ya damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 kuliko ilivyokuwa mchana, mishipa ikapata faragha yake. Yale tuliyojifunza mchana hupangwa mahali pake usiku, na hamu ya chakula na kazi ya insulini mwilini hutegemea sana ikiwa tumelala ama tumekesha. Mtu mzima huhitaji saa 7 au zaidi kwa usiku, na anayedhani amejizoeza kutosheka na saa 5, mara nyingi alichojizoeza ni kutoona upungufu wake.

Lakini faida zote hizo zina sharti moja ambalo watu wengi hawalijui, nami nililijua nikiwa nimechelewa: usingizi hauhesabiwi kwa saa tu, huangaliwa pia kama umekwenda mfululizo. Mwenye kulala saa 8 akiamshwa kila dakika mbili, hata kama maamsho hayo ni ya sekunde chache tu na asubuhi hakumbuki hata moja, hakufika kwa pono. Alikaa usiku kucha ngazini, akishuka kidato kimoja na kurudishwa juu kidato kimoja. Na yupo mtu wa namna hiyo katika nyumba nyingi kuliko tunavyofikiri, naye humjui kwa ukimya wake, humjua kwa sauti yake, maana ndiye akoromaye kuliko wote.

Sisi tumezoea kuamini kwamba akoromaye amelala. Mgeni akipiga misono usiku, mwenyeji hufurahi kwamba kitanda kimemkubali. Mzee akikoroma alasiri, watoto huambiwa wanyamaze kwa kuwa babu amepumzika. Ukweli wa mambo ni kwamba mkoromo ni sauti ya njia iliyobana. Tunapolala misuli yote hulegea, na miongoni mwake ni ile inayoshikilia koromeo wazi. Ulimi huanguka nyuma, kaakaa laini pamoja na kimeo chake huning'inia, na hewa ikipita hapo penye wembamba huvitikisa vitu hivyo kama upepo unavyotikisa tanga lisilokazwa. Kwa wengi jambo huishia hapo, na hasara yake ni kelele tu. Kwa wengine, hasa wenye shingo nene, au taya dogo lililorudi nyuma, au pua iliyoziba, au mafuta yaliyojikusanya kandokando ya koo, njia haibani tu, hufunga kabisa. Kifua kinapanda na kushuka kikitafuta hewa, na hewa haiingii. Oksijeni katika damu huanza kupungua, ubongo hushituka, ukamtoa mtu katika usingizi kiasi cha kuikaza tena ile misuli, njia ikafunguka kwa kishindo cha kukoroma na kutweta. Kisha akalala, misuli ikalegea, na mambo yakaanza upya. Haya ndiyo maradhi ya kukatika pumzi usingizini, yaitwayo apnea. Matabibu huhesabu kuwa pumzi imekatika ikiwa imesimama kwa sekunde 10 au zaidi, na wapo ambao husimama dakika nzima.

Maradhi haya ni ya kale, lakini jina lake ni la juzi, na sababu yake naiona kuwa jambo la kutia simanzi. Mwandishi Athenaeus alisimulia habari za Dionysius, mtawala wa Heraclea kwenye pwani ya Bahari Nyeusi katika karne ya nne kabla ya Nabii Isa, ambaye alinenepa hata akawa haamki, na waganga wake wakatengeneza sindano ndefu nyembamba za kumdunga kupita katika mafuta mpaka zifike penye nyama yenye hisia, ndipo ashituke. Charles Dickens, katika riwaya yake ya kwanza, ambayo ilianza kutoka mwaka 1836, alimchora kijana mnene aitwaye Joe, anayesinzia akibisha hodi na kukoroma akihudumia mezani. Mwaka 1956 Sidney Burwell na wenzake wa Boston waliandika habari za mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akicheza karata za poka, akapata mkononi ree tatu na wafalme wawili, mkono ambao kwa mchezo ule ni mali, kisha akapitiwa na usingizi asiutumie. Siku chache baadaye akaenda mwenyewe hospitali. Burwell akayaita maradhi hayo kwa jina la riwaya ya Dickens. Wote hao, kuanzia waganga wa Heraclea hadi matabibu wa Boston, walimtazama mgonjwa mchana, akisinzia, wakaustaajabia unene wake na uzito wa kope zake. Hapakuwa na aliyekaa usiku pembeni ya kitanda akasikiliza. Ilikuwa mwaka 1965 tu, huko Marseille kwa mkono wa Henri Gastaut na wenzake, na katika Ujerumani kwa mkono wa Richard Jung na Wolfgang Kuhlo, ndipo wagonjwa wa namna hii walipopimwa wakiwa wamelala usiku kucha, na ikaonekana wazi kwamba pumzi zao zilikuwa zikikatika mamia ya mara. Christian Guilleminault wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliyapa maradhi jina lake la sasa mwaka 1976. Miaka zaidi ya elfu mbili ilipita kwa kukosa shahidi.

Mimi shahidi nilikuwa naye, na kwa miaka mitatu sikumsikiliza. Nilikuwa nimekwisha pita miaka hamsini. Asubuhi niliamka na kichwa kinachouma, kinywa kimekauka kama nimekula embe mbichi. Usiku niliamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, nikapimwa sukari na isionekane. Presha yangu ilikuwa ya kutumia dawa za namna tatu na bado haikutulia. Nilikuwa na ada ya kulala kailula baada ya adhuhuri, kama walivyokuwa baba zangu, lakini kwao kailula ilikuwa lepe la nusu saa, na kwangu ikawa ni kuanguka. Siku ya Ijumaa nilikuwa sifiki nusu ya hotuba ila kidevu kimegusa kifua. Nikasema ni uzee, nikasema ni fikira za maisha. Katika zahanati moja nikaeleza kwamba usingizi haunishibishi, nikapewa vidonge vya kuuleta usingizi, navyo, kama nilivyokuja kuelewa baadaye, ni katika mambo yasiyofaa kwa mtu wa hali yangu, kwa kuwa huweza kuzidi kuilegeza misuli ya koo na kuuchelewesha ule mshituko ambao ndio unaomrudishia mtu pumzi.

Mke wangu alikuwa ameanza kusema zamani. Kwanza alisema kwa adabu, kwamba nakoroma. Nikajibu kwamba baba yangu naye alikuwa akikoroma. Kisha akasema kwamba nikikoroma husimama. Sikuelewa maana ya neno hilo, kusimama, nami nikalichukulia kuwa ni habari njema, kwamba nikinyamaza amepata nafasi ya kulala. Alfajiri moja, kabla ya adhana, alikuwa amekaa kwenye mswala na tasbihi mkononi, akanisikia nimenyamaza. Akaanza kuzihesabu punje, moja kwa kila pumzi aliyoivuta yeye kwa pole. Asubuhi, tulipokuwa tunakunywa chai, aliniambia: "Bwana, leo nimekuhesabia. Nimefika punje ya tisa hujavuta pumzi. Nilidhani umekwenda. Nami sitaki kuwa mjane kwa jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu." Hakulia wala hakupandisha sauti. Juma lile lile tulikwenda kwa daktari, naye ndiye aliyeeleza. Mimi sikuwa na la kueleza, kwani nilikuwa nimelala.

Hapo ndipo ugumu wa maradhi haya ulipo, na ndiyo sababu nimeipa sura hii jina hili. Katika maradhi mengine mgonjwa ndiye ajuaye zaidi. Ana jino, anajua pa kuonyesha. Katika haya mgonjwa ndiye asiyejua lolote, na ushahidi wote uko kwa yule alalaye ubavuni pake. Na kwa kuwa ushahidi ni wa mke, au wa mume, au wa mtoto anayelala chumba cha pili, sisi huupokea kama lawama, tukajitetea, au tukaona haya, na wapo waliotengana vyumba kwa sababu ya mkoromo bila hata mmoja wao kuwaza kwamba lile ni jambo la kumpeleka mtu hospitali. Mwanamke mwenye maradhi haya ana shida iliyozidi. Aghalabu haelezi kusinzia. Hueleza uchovu, kukosa usingizi, kichwa, huzuni, naye huambiwa kwamba ni kazi za nyumba au ni umri umemkatikia. Mumewe akiwa mlalaji mzuri, hana wa kumshuhudia. Baada ya kukoma hedhi hatari yake huongezeka, na huo ndio wakati ambao watu wamekwisha zoea kumwambia kwamba kuchoka ni haki yake.

Nieleze sasa madhara yenyewe, kwa kuwa wapo watakaosema kuwa kukosa hewa kwa sekunde chache si kitu. Mtu ambaye pumzi yake hukatika mara 30 kwa saa, na hapo ndipo matabibu huanza kuyaita maradhi makali, akilala saa 8 atakuwa amekabwa mara 240. Kila mara mwili huona umefikiwa na hatari ya mauti, ukamwaga homoni za kukimbia na kupigana. Mishipa hukaza, presha hupanda ghafula katika wakati ule ule uliokusudiwa ishuke. Moyo unaofanyiwa hivyo kila usiku kwa miaka huchoka: presha isiyosikia dawa, moyo kwenda mbio ovyo bila mpango, na kiharusi, yote hayo hupatikana zaidi kwa watu hawa, na kisukari cha ukubwani kadhalika. Hata kule kwenda haja usiku kuna maelezo yake. Kifua kinapovuta kwa nguvu na koo limefungwa, moyo hupanuka, nao hudhani kwamba umejazwa maji mengi, ukatoa homoni ya kuamuru figo ziyatoe. Wazee wangapi wamehangaikia tezi dume, na asili ya taabu yao iko kooni! Tena kuna hatari ya barabarani. Dereva mwenye maradhi haya asiyetibiwa hupata ajali zaidi kuliko wenziwe, na usingizi wake hauji kwa hodi. Huja kama mlango uliofungwa na upepo. Yeyote anayeendesha basi au lori, na nyumbani kwake anajulikana kwa mkoromo, namwomba aisome aya hii mara ya pili.

Na wagonjwa ni wengi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine ilikadiria kwamba watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana maradhi haya kwa kiasi chochote, na kwamba milioni 425 kati yao wanayo kwa kiasi cha kati au kikali. Huko kwetu jambo hili bado halijapata mahali pake hata katika maneno: ukisema "daktari wa usingizi" katika hospitali zetu, utapelekwa kwa yule anayemlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa. Silitaji hili kwa ubishi wa lugha. Mwenye apnea anayekwenda kupasuliwa imempasa amweleze daktari huyo habari zake mapema, kwa kuwa dawa za kulaza na za kutuliza maumivu huweza kulifunga koo lake kuliko la mtu mwingine.

Kipimo chenyewe si cha kuogopesha. Mtu hulazwa hospitali usiku mmoja, au, kama nilivyofanyiwa mimi, hupewa kifaa akalale nacho nyumbani: kibano cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu kwa mwanga, mshipi wa kifuani unaofuata pumzi, na mrija mwembamba chini ya pua. Asubuhi huhesabiwa mikato ya pumzi kwa kila saa. Chini ya 5 ni hali ya kawaida; 5 hadi 15 ni maradhi mepesi; hadi 30 ni ya kati. Yangu ilikuwa 41. Nilipolisoma lile karatasi nilimkumbuka mke wangu na tasbihi yake, nikaona haya kubwa mbele yake.

Tiba iliyo mashuhuri kuliko zote ilianzia Australia. Mpaka miaka ya 1970 mgonjwa mahututi wa apnea alikuwa na dawa moja yenye hakika, nayo ni kutobolewa koo chini ya mahali panapofunga, apumulie tundu hilo maisha yake yote. Colin Sullivan, tabibu wa Sydney, aliwaza hivi: ikiwa koo hufunga kama mfuko mlaini unavyonywea, basi likijazwa hewa yenye msukumo kidogo kutoka puani halitanywea. Mwezi wa Juni mwaka 1980 mgonjwa mmoja aliyekataa kutobolewa koo alikubali kujaribiwa. Pampu ilikuwa ya mota kama ile ya kufyonzea vumbi majumbani, yenye kelele nyingi, na kifuniko cha puani kilibandikwa usoni kwa gundi ili hewa isivuje. Sullivan akaongeza msukumo kidogo kidogo, na ulipofika kiasi fulani, mkoromo ukakatika, pumzi ikaenda sawasawa, na mgonjwa akazama katika usingizi ambao pengine hakuuonja kwa miaka; akapunguza msukumo, koo likafunga; akauongeza, likafunguka. Mwaka uliofuata habari za wagonjwa watano zilichapishwa katika Lancet. Mashine za leo, zijulikanazo kwa herufi CPAP, zimekuwa ndogo kama kisanduku cha mkate na hazisikiki ila kwa karibu, lakini maarifa yake ni yale yale: hazimsaidii mtu kuvuta pumzi, huishikilia njia isifunge, mfano wa miti inayoshikilia hema. Msukumo hupimwa kwa sentimita za maji, aghalabu baina ya 4 na 20.

Kuipokea mashine hiyo kitandani ni jambo linalotaka subira, wala sitaki kumdanganya msomaji. Usiku wa kwanza niliivua baada ya saa moja. Kuvaa kitu usoni gizani humtia mtu dhiki ya moyo, na hewa inayokuja usoni kwa nguvu humfanya ahisi kwamba hawezi kuitoa pumzi yake. Aliyenipa mashine alinishauri niivae mchana, nikiwa macho, nasikiliza redio, dakika 20 siku ya kwanza na zaidi siku ya pili, mpaka uso uizoee kabla ya usingizi kuhusishwa. Nasaha hiyo ndiyo iliyoniokoa, nami naitoa kwa kila anayeanza. Kisha kuna kuchagua barakoa. Ipo inayofunika pua, ipo inayofunika pua na kinywa kwa wale ambao pua zao huziba, na ipo yenye vijito viwili laini vinavyokaa penye matundu ya pua tu. Mwenye ndevu nyingi hewa humvujia pembeni, naye humfaa zaidi hiyo ya vijito. Ikikazwa mno hutoa vidonda penye mgongo wa pua, ikilegezwa mno huvuja machoni. Na mtu asiyeelezwa haya huiweka kabatini akasema haikumfaa.

Kuitumia mashine hii katika hali za pwani yetu kuna adabu zake. Mrija hupita chini ya chandarua, upande wa kichwani, na neti hukunjwa chini ya godoro hapo ulipopita, ili mbu wasipate njia. Vumbi na chumvi ya hewa ya bahari huziba kichujio mapema, basi hutazamwa kila juma. Mashine nyingi zina kijisanduku cha maji cha kulainisha hewa isikaushe koo. Maji yake yafaa yawe yaliyokenekwa, kwani ya visima vyetu yana chumvichumvi, nayo huacha ukoko mweupe, na yamwagwe kila asubuhi, barakoa na kijisanduku vikaoshwa kwa sabuni na kuanikwa kivulini. Umeme ukikatika, barakoa zinazofunika pua na kinywa zina kilango kinachofunguka chenyewe mtu apumue hewa ya chumbani, hivyo hapana hofu ya kukosa pumzi; ila maradhi hurudi dakika ile ile. Mwenye uwezo aweke betri, na asiye nayo, usiku wa mgao, alale ubavu na kichwa kimeinuka. Mwezi wa Ramadhani wengi wetu huivua kwa ajili ya daku, kisha wakarudi kulala bila kuivaa, nao hawajui kwamba nusu ya pili ya usiku ndiyo yenye ndoto nyingi, na katika usingizi wa ndoto misuli ya koo hulegea kupita wakati wote.

Kwa upande wangu, juma la tatu niliamka siku moja nikasikia ndege. Walikuwapo siku zote. Mimi ndiye niliyekuwa sipo. Kichwa hakikuuma, wala sikuwa nimeamka kwenda haja hata mara moja. Dawa za presha zilipunguzwa na daktari kutoka tatu hadi mbili, zikabaki hapo.

Hata hivyo insafu yanitaka niseme yasiyopendeza. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, wa watu 2,717 waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, haukuonyesha kwamba waliopewa mashine walipungukiwa na mishituko ya moyo, viharusi au vifo kuliko wasiopewa. Kusinzia kwao kulipungua, nyoyo zao zikachangamka, hali ya maisha ikawa bora. Lakini moyo uliokwisha haribika haukukombolewa. Wengine wameeleza kwamba watu hao waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na dawa iliyonywewa nusu haiwezi kuhukumiwa kama dawa kamili. Rai yangu ni kwamba uchunguzi huo una mafunzo mawili, kuanza mapema na kuivaa usiku wote, maana mashine hii haiponyi. Hufanya kazi dakika ile inapokuwa usoni, ikivuliwa koo hurejea kwenye tabia yake.

Ziko njia nyingine, nazo nitazipitia kwa ufupi. Kupunguza uzito hupunguza maradhi kwa wengi wanene, na mwishoni mwa mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano, tirzepatide, kwa wanene wenye apnea ya kati au kali. Madaktari wa meno hutengeneza kifaa cha kuvaa usiku kinacholivuta taya la chini mbele, chenye kufaa katika maradhi mepesi na ya kati. Kuacha pombe ni lazima, kwa kuwa hulegeza koo. Kwa watoto asili huwa nyingine: mafindofindo yaliyovimba na nyama za pua, na kuviondoa hospitalini ndiyo tiba ya kwanza. Mtoto anayekoroma, akalala kinywa wazi na kutota jasho, na darasani akawa mtundu asiyetulia, asiadhibiwe kabla hajatazamwa koo. Wala asipelekwe kwa wakata kimeo. Kimeo hakina hatia katika jambo hili, na kisu cha mtaani kimewatia watoto wetu katika kutokwa na damu na maambukizi bila kuwafungulia njia ya hewa.

Ewe msomaji, usiku wa leo mwenzio akiisha kulala, zima redio usikilize. Mkoromo ukikatika, anza kuhesabu kwa pole. Ukifika 10 naye hajavuta pumzi, mnase kwa simu yako dakika chache, sauti na kifua, na asubuhi mwonyeshe kwa upole mkiwa wawili tu. Kisha usimwache aende kwa daktari peke yake, maana aliyeyaona ni wewe.